Gari la Marafiki na Pesa za Wamama wa Niemba

Nilipopata kazi ya kutunza pesa za shirika la Marafiki hapa Kalemie, watu wa kwetu walicheka. Sisi ni Waislamu, wajukuu wa watu walioingia mji huu kwa biashara ya ziwa. Babu yangu aliuza chumvi na vitambaa alivyovileta kutoka Kigoma. Marafiki ni Wakristo, tena Wakristo wa namna yao. Hawabebi silaha, hawali kiapo hata mbele ya hakimu, na ingawa Jumapili wanaimba na kupiga ngoma kama makanisa mengine yote ya hapa, kwenye mikutano ya kazi hawapigi kura. Wanakaa kimya mpaka wote wawe na moyo mmoja. Mmoja akikataa, neno halipiti.

Dada yangu alisema, "Utawaweza hao?"

Nikamjibu kwamba pesa haina dini. Jibu la mtu asiyejua kitu.

Aliyeniajiri tulimwita Papa Mratibu. Alikuwa mwanamume mrefu, shati lake limepigwa pasi hata siku ambazo umeme wa bwawa la Bendera haukufika mjini, na alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayemlaza mtoto. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, sisi hatumwapishi muntu. Ndiyo yako iwe ndiyo, hapana yako iwe hapana. Njo hivyo tu."

Nilipenda maneno yale. Nilirudi nyumbani nikiyarudia njiani. Ilinichukua mwaka mzima kujua kwa nini kiti kile nilipewa mimi. Familia tatu za kanisa zilikuwa zikikigombania, kila moja na binti yake mwenye diploma ya biashara, na kumpa mmoja kungewafanya wengine wawili wahamie kanisa la jirani. Kumpa Mwislamu kulikuwa rahisi zaidi. Tena Mwislamu hana sauti kwenye mkutano wa kanisa. Alete daftari, asome, anyamaze, aende.

Nami nilihitaji kazi. Nilikuwa na watoto wanne wa shule, na mume aliyekwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Kutafuta kwake kulikuwa kumefika mwaka wa tatu.

Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa nyumba ya zamani ya Wabelgiji juu ya kilima, yenye baraza pana inayotazama bandari. Chini tuliona maji ya ziwa yalivyopanda na kumeza nyumba za ufukweni, na watu wakihamisha mabati yao kwa mikokoteni. Juu tulikuwa salama. Tulikuwa na Papa Mratibu, katibu wake, dereva, walinzi wawili, mpishi, msimamizi wa amani na msimamizi wa kilimo. Kazi yetu, kwa maandishi, ilikuwa kuwasaidia watu wa upande wa Niemba waliofukuzwa na mapigano na sasa wamerudi mashambani: kuwapa mbegu na majembe, na kuwakalisha pamoja na majirani waliopigana nao ili wazungumze.

Sitasema kwamba kazi hiyo haikufanyika. Ilifanyika. Nimeona kwa macho yangu wanaume wawili waliochomeana nyumba wakila bukari, ugali wa kwetu, katika sahani moja. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiandika pesa, na anayeandika pesa huona kinachobaki baada ya hotuba. Pesa ilitoka ng'ambo, kwa Marafiki wa huko, watu wazee wengi wao, nilivyosikia, wanaouza keki na nguo kuukuu kwenye kumbi za makanisa yao ili mwanamke wa Niemba apate jembe. Ikifika Kalemie ilipita kwanza kwenye mishahara, ikapita kwenye mafuta ya jenereta, ikapita kwenye semina. Niliwahi kulipa semina ya siku tatu juu ya namna ya kugawa majembe kwa haki. Kulikuwa na soda, kuku, kalamu na mabegi yenye jina la shirika. Nilipiga hesabu pembeni, kwa uchungu wangu mwenyewe, nikaona kwamba gharama ya semina ingenunua majembe ya kila mtu, hata wasiostahili, na swali la haki lingekwisha lenyewe.

Tena kulikuwa na gari. Jipu nyeupe, mpya, ya kwenda porini. Maombi ya kuinunua niliyasoma: bila gari hatuwezi kuwafikia wamama. Katika mwaka wake wa kwanza jipu ile iliwafikia wamama mara mbili. Siku nyingine zote ilifika shuleni kwa watoto wa Papa Mratibu, sokoni, na kwenye harusi. Dereva aliniletea karatasi za safari zilizoandikwa "Niemba" huku chini ya kiti kukiwa na mchanga wa ufukweni na magamba ya samaki. Niliziandika. Mara ya kwanza mkono wangu ulikuwa mzito. Mara ya kumi niliandika huku nikizungumza na mpishi juu ya bei ya mafuta ya mawese.

Sasa, wamama wenyewe.

Walikuwa kikundi cha wanawake waliorudi Niemba baada ya vita wakakuta hata milango imeng'olewa. Shirika liliwapa mkopo mdogo wa kuanzia biashara ya mihogo na karanga. Waliurudisha wote, kwa wakati. Nasema hivyo kwa sababu biro yetu yenye watu wenye diploma haijawahi kurudisha kitu chochote kwa wakati. Baada ya kurudisha, wakaendelea kuweka akiba yao wenyewe, na kwa kuwa kwao hakuna benki na njia ina wanyang'anyi, wakaomba tuwatunzie. Tukakubali. Ikaitwa mfuko wa wamama, na mimi nikawa ninaandika risiti.

Kiongozi wao alikuwa mjane mfupi, mshiriki wa kanisa la Marafiki tangu kuzaliwa. Alikuja kila baada ya miezi mitatu juu ya pikipiki, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Hakukaa mpaka anawe mikono. Kisha alifungua fundo la kitenge, akahesabu noti mezani kwangu moja moja, akazigeuza zote zitazame upande mmoja, akasubiri risiti. Risiti aliisoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Baada ya hapo alitoa daftari la shule lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada, akanakili hesabu ile kwa penseli. Mimi nilikuwa nikiangalia saa. Nilimwona mshamba. Nilijiambia, huyu anafikiri mimi ni mwizi wa sokoni.

Mwaka mmoja pesa za ng'ambo zilichelewa. Wafadhili walisema ripoti yetu haikutosha, wakataka nyingine. Ripoti ile aliyepaswa kuiandika ni Papa Mratibu, na yeye alikuwa kwenye semina ya kuandika ripoti. Mwezi ukapita bila mshahara, kisha wa pili. Asubuhi moja aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akaketi.

"Mama Kesye," akasema, maana ndivyo walivyomwita mtunza pesa, "tuazime kidogo kwenye mfuko wa wamama. Mwezi mmoja tu."

Nikasema, "Papa, ile si yetu."

"Iko katika sanduku la nani?"

"Letu."

"Basi?" Akatabasamu. Kisha akaongeza kwa sauti ile ile ya kulaza mtoto, "Minerval ya watoto umelipa?"

Sikuwa nimelipa. Mtoto wangu wa pili alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya ada hiyo, na mara ya pili aliniambia hatakwenda tena mpaka niwe na pesa mkononi. Nilitoa ufunguo. Ningependa kuandika kwamba nilisali kwanza, au kwamba nilibishana saa nzima. Sikubishana. Nilihesabu mishahara ya watu wote, wangu ukiwemo, nikaiweka kwenye bahasha, na kwenye daftari kubwa nikaandika "mkopo wa ndani". Maneno mazuri. Mwizi akikosa maneno mazuri hukamatwa siku hiyo hiyo.

Pesa za ng'ambo zilipofika zilikuwa pungufu, na jipu ilihitaji matairi. Baadaye ikahitaji bima. Baadaye katibu akafiwa, tukachangia. Mfuko wa wamama haukurudishiwa hata noti moja, na kabla ya mwaka kwisha tuliuazima mara ya pili, kisha ya tatu. Mjane aliendelea kuja na vumbi lake, akahesabu, akanakili. Mimi niliendelea kumpa risiti zenye sahihi yangu nzuri ya shuleni.

Bodi ilijua? Bodi ilisomewa.

Walikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika sebule ya biro. Walikuwa wanane. Mwenyekiti, ambaye wao humwita karani wa mkutano, alikuwa mfanyabiashara wa simenti mwenye saa kubwa. Mweka hazina alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Yeye ndiye aliyetakiwa kukagua daftari langu kabla ya mkutano. Nilikuwa ninamwekea alama ya msalaba kwa penseli mahali pa kutia sahihi. Alipapasa karatasi kwa kidole, akaupata msalaba, akasaini.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuazima nilisoma "mkopo wa ndani" haraka, kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Kisha nikakaa kwenye kiti changu karibu na mlango, na wao wakaingia kwenye ukimya.

Nimewahi kusikia ukimya wa Marafiki wenye maana. Kule Niemba, siku wale wanaume wawili walipokaa na majirani zao, watu walinyamaza hadi nikasikia mapigo ya moyo wangu, na yule mkubwa akaanza kulia. Ukimya ule ulikuwa na uzito. Huu wa bodi ulikuwa wa watu waliokwisha kusikia harufu ya mikeke ikikaangwa jikoni. Mmoja alikuwa akisoma simu chini ya meza. Mwingine alilala, namjua, kidevu chake kilianguka. Dakika tano. Mwenyekiti akatazama saa yake kubwa, akasema, "Ninaona tuna moyo mmoja." Ikaandikwa. Hesabu zimepokelewa. Moyo mmoja! Kulikuwa na matumbo manane, na yote yalitaka samaki.

Nilichukia watu wale kuanzia siku hiyo, kwa raha ya mtu ambaye mwenyewe amelipwa kutoka bahasha ile ile.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa kiangazi, walikuja wanawake watatu badala ya mmoja. Mjane alikuwa mbele. Kikundi kilikuwa kimeamua kununua mashine ya kusaga mihogo. Mfanyabiashara mmoja hapa mjini alikuwa nayo, amekubali kuwawekea wiki moja. Walikuja kuchukua pesa zao, zote.

Papa Mratibu aliwaona kutoka dirishani. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akapita katikati ya nguo alizoanika mpishi, akaingia kwenye jipu. Tulisikia ikiwaka.

"Papa yuko mkutano," niliwaambia.

"Tutangoja," mjane akasema.

Walingoja barazani mpaka jioni. Kesho yake walirudi saa moja asubuhi, wakaketi pale pale, migongo kwenye ukuta, miguu imenyooshwa. Papa Mratibu alipiga simu kwa katibu kusema anaumwa malaria. Mpishi, ambaye alikuwa na utu kuliko sisi wengine wote, aliwapa chai na mihogo ya kuchemsha. Nilipita mbele yao mara nyingi siku ile, kila mara na karatasi mkononi, karatasi zisizo na kazi yoyote.

Saa sita mchana nilikwenda nyuma ya nyumba kutawadha. Nilikuwa nimeinama kwenye pipa la maji nilipoona miguu yenye vumbi karibu nami.

"Mama," mjane akasema, "unafunga Ramadhani?"

"Ninafunga."

"Unasali kila siku?"

"Unaona mwenyewe."

"Basi sitakuuliza mara mbili. Makuta yetu, pesa ya kikundi, iko?"

Maji yalikuwa yakinitiririka kwenye viwiko. Nilikuwa na majibu mengi tayari. Benki imefungwa, Papa anaumwa, kuna karatasi inangojwa kutoka Lubumbashi. Nilikuwa nimeyatumia yote kwa watu wengine, na yalifanya kazi vizuri.

Nikasema, "Haiko."

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa pua, akakaa chini kwenye tofali.

"Yote?"

"Imebaki kidogo. Robo, haifiki."

"Wamekula wao, ama na wewe?"

"Na mimi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha jambo alilokwisha kuambiwa na mwingine. Akafungua kitenge, akatoa daftari la mchezaji mpira na penseli. "Andika hapa," akasema. "Zilizoingia, zilizotoka, siku gani, nani alisema zitoke. Halafu tia sahihi."

Niliandika nikiwa nimechuchumaa kando ya pipa, nikijua tarehe zote kwa moyo. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Katika miaka yote niliyofanya kazi kwenye nyumba ile, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya kweli niliyoitoa. Sikusali adhuhuri kwa wakati.

Papa Mratibu alipona malaria yake siku ile ile. Katibu alikuwa ametuona pale kwenye pipa, akampigia simu. Aliingia chumbani kwangu bila kufunga mlango, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipandisha sauti.

"Umetuuza!"

"Sikuuza kitu, Papa. Nimetoa hesabu."

"Kwa nani? Wewe unatoa hesabu kwa bodi. Wale ni nani? Wale ni walengwa!"

Neno hilo, walengwa, ndilo tulilotumia kwenye ripoti kwa watu tunaowasaidia. Mtu anayelengwa. Nililisikia siku ile kama kwa mara ya kwanza, nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka puani, na yeye akanitazama kama nimemtemea mate.

"Utaona," akasema.

Nilirudi nyumbani. Watoto walikula sombe ya majani ya mihogo na ndagala, dagaa wa ziwa, mimi nikawapakulia. Nilikuwa na hofu ya kufukuzwa, hofu ya polisi, hofu ya ile sahihi yangu iliyokuwa imelala ndani ya kitenge cha mwanamke nisiyemjua vizuri.

Wanawake hawakurudi Niemba. Walikaa kwa ndugu wa kanisa mjini mpaka Jumamosi ya mkutano. Mjane alikuwa Rafiki, na Rafiki yeyote ana haki ya kuingia mkutano wa kazi na kusimama. Nadhani mwenyekiti alikuwa amesahau sheria hiyo. Wanaoingia na kusimama huwa si watu wa Niemba.

Aliingia amefunga kilemba cheupe, wenzake wawili nyuma yake. Mwenyekiti alimsalimia kwa heshima nyingi mno, akasema jambo la wamama litawekwa mwisho, kwenye mengineyo. Mjane akasema, "Ndiyo, Papa." Akakaa. Mikeke ilikuwa tayari kwenye mafuta.

Walipofika mengineyo, wakanyamaza kama desturi. Yeye akasimama. Hakuwa na hotuba. Alisoma ule ukurasa na nusu, herufi kwa herufi, kwa mwendo ule ule uliokuwa ukinichosha mezani kwangu. Alisoma tarehe, kiasi, nani alisema zitoke. Alisoma jina la Papa Mratibu mara tatu na langu mara tatu. Mwisho akasema, "Sisi tulijua njia ina wanyang'anyi. Njo maana tulileta kwenu." Akakaa.

Nilitazama sakafu. 

Mwenyekiti akakohoa. "Ninaona tuna moyo mmoja," akasema, "kwamba jambo hili likabidhiwe kamati, lichunguzwe taratibu, na..."

"Mimi sina," mjane akasema.

"Mama?"

"Moyo mmoja. Mimi sina."

Kwa sheria yao mmoja akikataa neno halipiti, lakini miaka yote niliyokaa karibu na mlango ule sikuwahi kuona mtu akikataa. Wakarudi kwenye ukimya. Baada ya muda mrefu mwenyekiti akajaribu tena, kwa maneno laini zaidi: kwamba shirika linasikitika, kwamba wafadhili wataulizwa.

"Bado sina," mjane akasema, bila hasira.

Tulikaa. Mpishi alichungulia, akaona nyuso, akarudi. Harufu ya samaki ikapoa. Yule wa simu aliiweka mfukoni. Papa Mratibu alikuwa amekunja mikono juu ya shati lake la pasi na kutazama dari. Saa nane ikapita. Nami, niliyekuwa nikiwadharau wote, nilianza kusikia kitu chumbani kikibadilika, ule uzito niliousikia mara moja tu, kule Niemba.

Mwalimu mstaafu akasimama. Alishika meza kwa mikono yote miwili.

"Mimi nilitia sahihi bila kusoma," akasema. "Macho yangu hayaoni herufi ndogo, sasa ni mwaka wa pili. Niliona haya kusema. Mama wa pesa alinionyesha mahali, nikasaini." Akavua miwani, akaiweka mezani. "Tuna gari. Liuzwe."

"Gari ni la wafadhili," Papa Mratibu akasema haraka. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Basi waandikiwe. Waambiwe ukweli, kisha liuzwe."

"Nitaandika barua mwenyewe."

"Hapana," mjane akasema. "Aandike mwalimu. Na huyu mama amsaidie, anajua tarehe."

Mwenyekiti alimtazama kila mmoja, zamu kwa zamu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Safari hii hakusema anaona moyo mmoja. Aliuliza.

Barua tuliiandika mimi na mwalimu kwa Kifaransa, kwenye meza yake ya nyumbani. Nilimsomea kila sentensi mara mbili, naye alisahihisha sarufi yangu kama niko darasa la tano. Jibu lilichukua wiki tano. Lilitoka kwa mama mmoja mzee wa ng'ambo, la adabu, la huzuni kidogo. Alisema hawakuwahi kujua kwamba mfuko wa wamama upo. Katika ripoti zetu zote haukutajwa. Alikubali gari liuzwe. Na akasema watamtuma mkaguzi.

Mkaguzi alitoka Kinshasa kwa ndege. Alilala kwenye hoteli nzuri kuliko zote ufukweni, akala mikeke kila mlo, akauliza maswali yenye majibu aliyokuwa nayo tayari kwenye kompyuta. Hakufika Niemba, mgongo wake haukuweza barabara. Aliandika ripoti nene. Nilisoma hitimisho: tatizo la msingi lilikuwa kwamba mtunza pesa hakupewa mafunzo ya kutosha. Alipendekeza semina.

Jipu ilinunuliwa na mfanyabiashara wa samaki. Aliondoa viti vya nyuma, akaweka masanduku, na wiki ile ile ikaanza kupeleka ndagala barabara ya ndani hadi Niemba na kuendelea. Tangu inunuliwe kwa ajili ya watu wa Niemba, ndiyo kwanza ilianza kuwafaa.

Wamama walilipwa, karibu zote. Lakini mashine ile ya kusaga ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine na bei imepanda. Walinunua ndogo, iliyotumika, inayotoa moshi mwingi na kukohoa kama mzee wa tumbaku. Lakini inasaga.

Papa Mratibu hakufukuzwa. Marafiki hawapendi kumfukuza mtu. Aliandika barua ya kujiuzulu kwa sababu za kifamilia, tukamfanyia sherehe ya soda na keki, mwenyekiti akamshukuru kwa utumishi wake. Nilikula ile keki. Miezi michache baadaye tulisikia amepata kazi katika shirika kubwa zaidi, mji mwingine, kwa mshahara unaozidi wa zamani. Anafundisha utunzaji bora wa fedha. Sishangai. Anajua somo.

Mimi mkataba wangu ulipokwisha haukufanywa upya. Bajeti imepungua, waliniambia, na ilikuwa kweli: wafadhili walikuwa wamepunguza. Sasa nina kibanda cha kutuma pesa kwa simu, karibu na stesheni ya treni. Mume alirudi kutoka Lubumbashi, bila kazi, na radio mpya.

Mwaka jana mjane alinipigia simu. Alisema kikundi kina daftari jipya, kubwa, la hesabu, na hakuna anayejua kulipanga. Nije niwafundishe, nauli ya pikipiki watalipa. Nilikwenda. Mgongo wangu uliweza barabara, ingawa kwa shida.

Walinikaribisha kwenye banda la mashine yao. Walikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa wanawake watatu wa familia tatu mbalimbali. Hawakuleta tena pesa mjini kwa mtu yeyote. Niliwachorea mistari: zilizoingia huku, zilizotoka huku, salio pale. Walishika haraka. Binti mmoja alinisahihisha nilipokosea kujumlisha, na wote wakacheka, mimi pia.

Halafu wakafungua sanduku wahesabu pesa za mwezi. Kwa mazoea ya miaka mingi nilinyoosha mkono kupanga noti.

Mjane alinigusa kifundo cha mkono, kwa upole, kama mtu anavyomzuia mgeni asikae kwenye kiti kibovu.

"Kufundisha, tunashukuru," akasema. "Lakini makuta hapana, Mama. Sogea kidogo nyuma."

Uso uliniwaka. Nilivuta kigoda nilichokalia, nikasogea nyuma hatua mbili hadi mwanga wa mlango, nikakaa pale na mikono yangu mapajani, nikiwatazama wakihesabu.